Nani kakwambia umeme haupo?

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wenye nyumba, wasimamizi wa nyumba za wageni na mafundi vijana tuliokutana Mwanga, Kigoma. Wengi hawakufika, walikuwa kazini au safarini, nao wameomba wayapate. Nayaweka yote kama yalivyosemwa.

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana ambao bado mnabeba mikoba ya mafundi wenu: mwakeye! Asalaam aleikum! Bwana asifiwe!

Nimeombwa niseme juu ya umeme wa majumbani. Ni jambo pana, tukilianza lote tutalala hapa. Nimechagua kifaa kimoja kidogo. Wengi wenu mnacho, na hamkikumbuki mpaka siku kianze kupiga kelele au kigome kabisa. Nasema ile feni ya bafuni, ya kutoa hewa na mvuke, ambayo mafundi tunaiita ekzosti.

Kwa nini niache jiko, niache pasi, niache hita ya maji, nishike feni? Kwa sababu nyumba zetu zimebadilika. Zamani bafu lilikuwa uani, kuta nne na mbingu juu, mvuke unakwenda zake. Leo mtu anajenga Gungu, anajenga Katubuka, anataka chumba chenye choo na bafu humo humo ndani, na bafu hilo mara nyingi halina dirisha, au lina kijidirisha cha juu kisichofunguka. Mvua zetu mnazijua, zikianza Oktoba zinatupeleka hadi Mei. Mvuke usipopata pa kutokea, dari inaota ukungu mweusi, rangi inabanduka, mlango unavimba haufungiki. Basi feni inafungwa. Inazunguka mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna anayeigusa kwa kitambaa. Siku ikigoma, mwenye nyumba anaitazama ile plastiki nyeupe isiyozidi ukubwa wa sahani, anasema moyoni: na hii nayo nimlipe fundi?

Hapo ndipo watu wanapoumia. Feni ni ndogo, ndiyo. Nyingi ni za wati 15 au 20. Lakini mtu hapigwi na wati za feni. Anapigwa na waya unaoifikia, na waya huo una volti 230, zile zile zinazokwenda kwenye jiko na kwenye pampu ya maji. Hakuna umeme mdogo wa kifaa kidogo. Ndani ya nyumba yako umeme ni mmoja.

Sasa nina swali, na nitalirudia mpaka mlizoee. Feni imesimama. Umezima swichi ya taa ya bafuni. Umepanda juu ya kiti, umefungua kifuniko, mkono unaingia ndani. Nakuuliza: nani kakwambia umeme haupo?

Kule Buzebazeba kuna mwalimu mmoja, mpangaji, mtu makini, wala si mtu wa kukurupuka. Feni yake ilikuwa inakwaruza. Akazima taa, kwa sababu feni ile iliwaka pamoja na taa. Akangoja mpaka ikasimama yenyewe. Akawasha na kuzima tena ili ajiridhishe. Akapanda, akafungua, akakuta nyaya tatu zimeingia ndani. Akashika mmoja auvute pembeni apate nafasi ya bisibisi. Umeme ukamrusha, akaangukia sinki, mkono ukavunjika. Nilipoitwa kukagua, alikuwa anarudia neno moja tu: "Lakini nilizima. Lakini nilizima." Alizima kweli, jamani. Alizima taa.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hili ndilo hasa lililonileta. Feni nyingi za siku hizi zina taima ndani yake. Ukitoka kuoga ukazima taa, feni inaendelea kuzunguka dakika kadhaa, ikishamaliza kuvuta mvuke inasimama. Jiulizeni: inaendeleaje kuzunguka ikiwa umeizima? Inaendelea kwa sababu ina waya wa pili wa moto, yaani unaoleta umeme, ambao haupiti kwenye swichi ya taa. Zile nyaya tatu ni hizi: nyutro, ambao ni wa kurudisha umeme, waya wa moto unaotoka kwenye swichi, na waya wa moto wa kudumu. Ule wa swichi kazi yake ni kuiambia taima ianze au iishie. Ule wa kudumu uko hai usiku na mchana, taa iwake, isiwake, feni izunguke, isizunguke. Mwalimu wetu alishika ule wa kudumu.

Kwa hiyo unapofunga feni yenye taima, inatakiwa iwe na swichi yake ya kutenganisha, nje ya bafu, kwa kawaida juu ya mlango, na swichi hiyo ikate nyaya zote tatu kwa mpigo mmoja. Nimeingia nyumba nyingi za mji huu. Swichi hiyo ni adimu. Mafundi wenzangu, hili ni letu. Mwenye nyumba hawezi kuidai kwa sababu haijui, sisi tunaijua na tunaiacha kwa sababu inaongeza gharama kidogo kwenye hesabu tunayompelekea.

Na hata feni isiyo na taima, ile ya nyaya mbili, msiiamini kwa kusimama kwake. Katika nyumba za zamani, na Ujiji mnazo nyingi, waya umeongezwa chumba kwa chumba, kila chumba na fundi wake, kila fundi na mazoea yake. Unakuta mtu ameweka swichi kwenye nyutro badala ya kuiweka kwenye moto. Ukizima, taa inazimika vizuri, feni inasimama vizuri, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini waya wa moto umefika mpaka ndani ya feni na umekaa humo, unamsubiri atakayegusa. Na rangi? Kuna nyumba zina nyekundu na nyeusi, nyingine zina kahawia na bluu, nyingine zimechanganya yote kwa sababu roli ya nyekundu iliisha na duka lilikuwa limefungwa. Rangi ya waya inakueleza alichokusudia fundi aliyetangulia. Haikuelezi alichofanya.

Nani, basi, kakwambia umeme haupo? Swichi haikukwambia. Feni haikukwambia. Rangi haikukwambia.

Wapo watakaosema: "Mimi sihangaiki na swichi, mimi nangoja umeme ukatike." Nawajua. Sisi wa Kigoma tuliishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, tukazoea mgao, tukazoea giza. Tukajenga na desturi: umeme ukikatika ndipo tunapanda darini kutengeneza, kwa sababu kazi nyingine zimesimama. Desturi hiyo bado tunayo, na ni desturi ya kuua. Umeme uliokatika haujazimwa. Aliyeukata yuko mbali, hajui kama wewe uko juu ya kiti bafuni, na hatakupigia simu kabla ya kuurudisha.

Ndugu yake na huyo ni yule anayengoja LUKU, umeme wa kulipia kabla, iishe.

Nitawapa kisa cha nyumba moja upande wa Kibirizi. Uniti ziliisha asubuhi. Baba yuko Kasulu kwenye shughuli zake. Mama akaona huo ndio wakati, akamwita kijana wa jirani anayejua mambo ya umeme, abadilishe feni ya bafuni. Kijana akaingia, akafungua feni ya zamani, akamenya nyaya kwa meno, tayari kwa kuunganisha. Baba kule Kasulu akakumbuka kwamba nyumbani hakuna umeme. Baba mwema, akanunua kwa simu, akatuma ujumbe wa tarakimu 20 kwa binti yake wa darasa la sita. Binti naye, mtoto msikivu, hakumsumbua mtu. Akaenda kwenye kile kifaa cha kubonyezea, akaingiza namba moja moja mpaka ya mwisho, akafurahi kuona taa ya sebuleni imewaka. Wakati huo huo wakasikia kishindo bafuni.

Kijana yule yu hai, namshukuru Mungu. Alipigwa kwenye vidole, akaanguka kutoka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapasuka kichwa kwenye ukingo wa choo. Nawauliza, mama zangu na baba zangu: katika nyumba ile nani alikosea? Baba aliyenunua umeme? Binti aliyetii? Mama aliyetafuta fundi? Kila mmoja alifanya jema lake. Kilichokosekana ni kitendo kimoja cha sekunde mbili, kushusha meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba. Meni swichi ikiwa chini, baba anunue uniti za mwaka mzima, binti aingize namba usiku kucha, TANESCO warudishe umeme mara kumi, bafuni haufiki.

Na wenye nyumba za wageni, ninyi mna jambo la ziada. Wengi mna jenereta, na wengine mmeweka paneli za jua na betri na inveta. Hapo kushusha meni swichi ya TANESCO peke yake hakutoshi, kwa sababu nyumba ina chanzo kingine cha umeme, na jenereta nyingine zinajiwasha zenyewe umeme ukikatika. Ukishusha meni swichi unaliamsha jenereta! Zima vyote viwili. Ukishazima, funga lile sanduku kwa kufuli kama lina mahali pa kufuli, funguo uweke mfukoni mwako mwenyewe, siyo mezani mapokezi. Kama halifungiki, bandika karatasi yenye maandishi makubwa, MTU YUKO KAZINI USIWASHE, na umweke mtu mzima asimame pale. Msimweke mtoto. Mtoto anaitwa kwenda dukani anakwenda.

Sasa nimeshusha meni swichi. Nimefunga. Je, nani kaniambia umeme haupo? Bado hakuna! Nimeshusha ninachodhani ni meni swichi ya nyumba hii. Nimeona nyumba za kupanga zenye mita mbili, bafu la mpangaji huyu limeunganishwa kwa mita ya mpangaji yule. Anayekwambia ni kipimo peke yake.

Vijana, toeni zile testa zenu, zile bisibisi zenye kitaa ndani. Kila mmoja anayo mfukoni, naziona. Mnajua kitaa kile kinawakaje? Unaweka kidole kwenye kichwa cha testa, umeme kidogo sana unapita ndani ya testa, unapita mwilini mwako, unakwenda ardhini. Mwili wako ni sehemu ya kipimo. Sasa ukisimama juu ya stuli ya plastiki umevaa viatu vya mpira vikavu, umeme hauna njia nzuri ya kufika chini, kitaa kinaweza kuwaka kwa unyonge usiuone, au kisiwake kabisa, na waya uko hai. Ukiwa umeelekezewa jua la dirishani, hukioni. Testa ikiwa imeingia maji jana, haiwaki. Testa ikiwaka inakuonya, na uisikilize. Isipowaka, usichukulie kwamba imekupa ruhusa.

Tumieni multimita, au kipimo cha ncha mbili kinachogusa nyaya mbili kwa pamoja. Na mpime kwa utaratibu huu, ambao mafundi wa dunia nzima wanaufuata. Kwanza nenda kwenye soketi unayoijua kwamba ina umeme, pima, uone kipimo chako kinasema karibu volti 230. Umejua kipimo kizima. Kisha zima, nenda kwenye feni, pima moto na nyutro, moto na athi, yaani waya wa ardhini, nyutro na athi, na ule waya wa tatu usiusahau, upime na wenzake wote. Kisha rudi ukapime tena mahali penye umeme unaoujua, kwa mfano kwa jirani, au betri kama kipimo chako kinaruhusu. Kwa nini kurudi? Kwa sababu betri ya kipimo inaweza kufa au waya wake kukatika katikati ya kazi, na kipimo kilichokufa kinaonyesha sifuri, sawasawa na waya usio na umeme. Ukifanya hayo matatu, nikikuuliza nani kakwambia, una jibu.

Kuna mama mmoja ana nyumba ya wageni, yuko hapa, ameniruhusu niseme. Mhudumu wake alikuwa anafuta feni ya bafuni kwa kitambaa kibichi, feni ikiwa imewashwa. Maji yakachuruzika ndani, binti akapigwa, akabwagwa chini. Mama akaniuliza swali ambalo nimeulizwa na watu wengi: "Fundi, meni swichi yangu ni mpya, breka zote mpya, mbona haikukata?"

Mama, breka haikuwekwa kukulinda wewe. Imewekwa kuulinda waya usiungue. Twendeni kwa hesabu. Mtu anaanza kuhisi umeme ukiwa kama miliampia 1. Ukifika kama 10, misuli inakakamaa, mkono ulioshika hauachii hata akitaka. Ukifika 30 pumzi inaweza kuzuilika, na ukizidi hapo kuelekea 50 na 100 ukipita kifuani, moyo unapoteza mwendo wake, unatetemeka badala ya kupiga. Sasa breka ndogo kabisa ya taa ni ya ampia 6. Ampia 6 ni miliampia 6,000. Breka hiyo inasubiri zaidi ya elfu sita, na moyo wako unapoteza mwendo kwenye 50 au 100 tu! Mtu anaweza kufa ameshika waya na breka iko juu, na taa ya sebuleni inawaka, na redio inaimba.

Na bafuni hesabu inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu ya maji. Ngozi kavu inapinga umeme, upinzani wake unaweza kufika makumi ya maelfu ya omu. Ngozi iliyolowa, miguu peku kwenye sakafu yenye maji, mkono mwingine umeshika bomba la chuma, upinzani unashuka hadi kama omu 1,000. Volti 230 gawanya kwa 1,000, unapata miliampia 230. Hiyo ni karibu na umeme unaowasha balbu ya zamani ya wati 60. Kinachotosha balbu moja ya zamani kinatosha kabisa kuua mtu.

Inayomlinda mtu ni breka ya namna nyingine, RCCB. Mtaitambua kwa kitufe kidogo kilichoandikwa T, au TEST. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukikosekana kidogo, maana yake unavujia mahali, pengine ndani ya mtu, inakata. Ya nyumbani iwe ya miliampia 30, nayo inakata ndani ya sekunde 0.3 au chini ya hapo. Bonyezeni kile kitufe mara kwa mara, ikate mbele ya macho yenu. Isipokata, imekufa, ibadilishwe. Lakini hata ikiwa nzima, haikufanyi uwe chuma. Ukishika moto kwa mkono huu na nyutro kwa mkono huu, huku hakuna kinachovujia ardhini, yenyewe inaona umeme umekwenda na umerudi salama. Haikati. Kwa hiyo RCCB haikuondolei wajibu wa kushusha meni swichi.

Mzee mmoja pale nyuma ananong'ona: "Si nina athi?" Mzee wangu, athi ni nzuri na lazima iwepo. Ila hebu tuihesabu nayo. Fimbo ya athi iliyopigwa kwenye ardhi kavu, kiangazi cha Agosti, inaweza kuwa na upinzani wa omu 50 na zaidi. Waya wa moto ukigusa chuma kilichoungwa kwenye athi hiyo, volti 230 gawanya kwa 50, ni ampia 4.6. Breka ya ampia 6 inaona 4.6, inanyamaza. Chuma kimebaki na umeme, na kila anayekigusa anapigwa. Athi na RCCB zinatakiwa ziwe pamoja, moja bila nyingine inatuacha njiani. Feni nyingi za plastiki hazina hata waya wa athi, zina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake zimezibwa mara mbili ili umeme usivuje. Mkiikuta alama hiyo msihangaike kutafuta pa kufungia athi. Lakini kiziba hicho kikipasuka, au kifuniko kikipotea mkaiacha wazi, ulinzi wote umekwenda.

Na feni inapofungwa karibu na bomba la mvua la kuogea, chini ya mita 2.25 kutoka sakafuni, iwe ya kuhimili maji ya kurukia, yenye alama ya IPX4 au zaidi. Wenye duka wanazo, ulizeni.

Moto wa kuunguza nyumba nitausema kwa ufupi, ingawa haustahili ufupi. Kwenye nyumba moja ya wageni njia ya Ujiji feni ilikuwa inanguruma bila kuzunguka, kisha ikanyamaza. Fundi aliyeitwa akagundua kwamba fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya koili ya mota imekatika. Akaifunga kwa kipande cha waya, feni ikapata uhai, akalipwa, akaondoka. Usiku mgeni akaamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Alipofungua mlango wa bafu, moshi umejaa. Waliiwahi. Sasa jiulizeni, ile fyuzi ilikatika kwa nini? Kwa sababu mota ilikuwa imekwama, mafuta ya bushi yamekauka, vumbi na nyuzi za taulo zimejaa. Mota iliyokwama haizunguki lakini inaendelea kula umeme na kupata joto. Fyuzi ikajitoa mhanga kabla ya moto. Fundi akaondoa kilichozuia moto, akakiacha kilicholeta moto. Vijana wangu, fyuzi ya joto haifungwi waya. Ikikatika, feni hiyo ibadilishwe. Na dawa ya kuzuia yote hayo ni brashi kavu mara mbili tatu kwa mwaka.

Basi mwenye nyumba afanye nini mwenyewe, na amwachie fundi nini? Mimi sikatazi watu kugusa nyumba zao. Kusafisha feni ni kazi yako. Shusha meni swichi, fungua kifuniko cha mbele, toa vumbi kwa brashi kavu, kifuniko kioshe nje na kikauke kabisa, rudisha, ndipo uwashe. Feni isiyozunguka, isogeze panga zake kwa kijiti huku umeme umezimwa uone kama zimekwama na uchafu. Hapo umefika mwisho wako. Ikibidi kulegeza skrubu ya waya, mwite fundi. Ukikuta nyaya zimeungwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni, ukikuta kiungo cheusi cha kuungua, ukikuta maji ndani ya feni, usiendelee, funga, mwite fundi. Na fundi muulize leseni. Leseni za kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, na fundi anayeheshimu kazi yake hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika, mwache aende.

Na vitu vya kusimamia! Ndoo iliyopinduliwa, kiti cha plastiki, ukingo wa choo, tumeviona vyote. Wawili niliowasimulia, mwalimu na kijana wa Kibirizi, umeme uliwagusa kwa kitambo tu. Kilichowavunja ni kuanguka. Bafu ni chumba chenye kona ngumu kila upande. Kausha sakafu, leta ngazi inayosimama yenyewe, vaa viatu vikavu vyenye soli ya mpira siyo kandambili mbichi, na mtu mzima awe karibu anakusikia.

Mtu huyo ajue nini? Ajue hili. Ukimkuta mwenzako amenaswa, usimshike. Najua ni mume wako, najua ni mwanao, mikono inakimbia yenyewe. Usimshike! Ukimshika mnakuwa wawili. Kimbilia meni swichi. Kama haifikiki, simama juu ya kitu kikavu, msukume kwa mpini mkavu wa ufagio wa mbao au kiti cha plastiki mpaka aachane na waya. Akishaachana, mwite kwa jina, tazama kifua. Haitiki na hapumui sawasawa? Mlaze chali sakafuni pakavu, weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, bonyeza kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache, mpokezane mkichoka. Mwingine apige 112, kama kuna moto apige 114 wa Zimamoto, na mwingine atafute gari la kwenda hospitali ya Maweni. Hakuna kumwagia maji. Hakuna kumnywesha maziwa.

Na yule anayeinuka akasema "niko sawa, ni shoti tu," mpelekeni hospitali hata kama anakataa, akapimwe moyo. Umeme unaweza kuunguza nyama za ndani na ngozi ikaonyesha kidonda kama cha kiberiti, na mapigo ya moyo yanaweza kubaki hayako sawa baada ya mtu kusimama na kutembea.

Ndugu mwenyekiti, naona muda umekwenda, na sitaki watu watoke na maneno matupu. Nimeleta multimita mbili na feni moja ya taima niliyoifunga kwenye ubao, na ubao huo nimeuunga kwenye soketi ya ukumbi huu kupitia RCCB. Feni imezimwa na imesimama, kila mtu anaiona. Nataka wanafunzi watatu wa chuo cha ufundi cha VETA waje mbele, na mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha. Mtapima waya mmoja mmoja, mtaniambia kwa sauti upi una moto, ndipo tuzime, tupime tena. Karibuni. Ila mikono iwe mikavu, na aliyevaa kandambili avae viatu vyangu.